Kapoti ya Longino

Mustafa wa mtaa wa Nyamugari, Gitega, alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Mungu alimjalia mikono mizuri, kisha akamtilia moyoni mashaka ya kuwatosha watu wa tarafa nzima. Ukimsalimia asubuhi, alikaa kutwa akijiuliza ulitaka nini. Ukiusifu mshono wake, aliufunika kwa kitambaa. Siku moja imamu alimwombea baraka mbele ya waumini wote, naye akarudi nyumbani na kumwuliza mkewe, "Mama Farida, imamu iko na gari inataka viti?"

Tumtendee haki: mashaka hayo hayakuota jangwani. Zamani rafiki yake alikuja kunywa chai karakanani, akainywa polepole sana, na muda si muda mabasi madogo ya Ngozi yakawa yanatembea na viti vyenye mshono wa Mustafa ambao Mustafa hakuushona. Tangu siku hiyo chai ilipigwa marufuku karakanani, na rafiki pia.

Ndipo likaja gari la Longino.

Longino alikuwa mtu wa kukodisha vitu vya harusi: viti, sufuria, spika, na sasa gari jekundu la milango miwili lenye paa la kitambaa linalokunjwa nyuma kama mwavuli. Ilikuwa miaka ile ya amani mpya, malori ya wanaorudi kutoka Tanzania yakiteremka kila wiki upande wa Muyinga, na watu waliokuwa wameahirisha kuoana kwa sababu ya vita wakaanza kuoana kwa fujo. Barabara ambazo juzi zilipitika kwa kusindikizwa na askari tu, leo zilipitwa na bibi harusi ameketi kichwa wazi upeponi, akipunga mkono. Bahati mbaya mvua haikuwa imesaini mkataba wowote. Paa la gari lilikuwa limepasuka, na bibi harusi wa mwisho alifika kanisani Mutaho akiwa amelowa kama mbuzi aliyevuka mto.

"Fundi, nitengenezee kapoti," Longino alisema.

Hapa msomaji anaombwa atulie na asicheke, kwa maana tumefika kwenye neno zito. Kapoti ni neno la Kifaransa, na Kifaransa, kama mjomba mwenye nyumba mbili, hakikuona vibaya kulipatia neno moja maana mbili. Katika gereji, kapoti ni paa la kitambaa la gari. Katika zahanati, na katika mabweni ya shule ambayo adabu inatuzuia kuyataja, kapoti ni kile kifuko cha mpira ambacho mwanamume huvaa ili asipate ugonjwa wala mtoto. Mustafa alikulia gerejini. Zahanati aliikwepa, kwa kushuku kwamba wanatoa damu wakauze. Kwa hiyo alijua kapoti moja tu, ile ya gari, na aliitamka bila aibu kama mtu anavyotamka meza.

Kazi yenyewe ilimtoa jasho. Kiti kinakaa, kapoti inalala na kuamka. Kwanza alishona kwa bashi, turubai lile la malori. Lilipendeza sana paa likiwa limesimama, lakini alipolikunja, likagoma katikati kama punda, na lilipokunjuka lilikuwa limepata ufa mweupe. Akapima upya, akakata upya. Safari hii ndoano za mbele zilikataa kukifikia kioo kwa upana wa kiganja. Ndipo alipofumua ile ya zamani, mshono kwa mshono, ili aitumie kama kipimo, akagundua hila nyingine: kitambaa cha zamani kilikuwa kimevutika kwa miaka, kama sweta la mlevi, na ukikifuata kilivyo unapata paa linalopigapiga upeponi. Ilibidi apunguze, lakini kiasi gani, hakuna aliyemwambia. Gitega nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo. Wazo hilo lilimfurahisha, kisha likamtisha, kwa sababu kitu ambacho mtu mmoja tu anakijua ndicho kinachoibwa.

Akalifunika gari kwa shuka za kitandani. Fatuma, mkewe, akalala bila shuka.

Sasa, wakati huohuo, binti yao Farida alikuwa amechumbiwa. Kijana aliitwa Shabani, wa Muyinga, na familia yake ilikuwa imerudi kutoka kambi ya Lukole, Tanzania. Farida alimpenda, na kwa Farida hilo lilikuwa jambo la kwanza na la mwisho. Alikuwa amekwisha kuwakataa wawili, na alimwambia mama yake kwamba huyu akipotea hatatafuta wa nne. Lakini Shabani alikuwa na kasoro moja machoni pa baba mkwe: kazi yake ilikuwa kushona viti vya pikipiki.

"Fundi anaoa mtoto wa fundi," Mustafa alimnong'oneza mkewe. "We haioni kitu hapo?"

"Naona harusi," Fatuma alisema.

"Mi naona chai."

Kwa desturi, kabla ya jibu la mwisho, upande wa kijana ulimtuma mtu aje kuwatazama wakwe: wanaishije, wanaswali, wanagombana, wana siri gani. Alikuja shangazi yake Shabani, Bi Kulthumu, mwuza vitenge sokoni Muyinga, mama mwenye macho ya kupima kitambaa bila rula. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka cha Tanzania, na Kifaransa chake kilikuwa na maneno matatu aliyoyapata siku walipopokewa mpakani. La kwanza bonjuru. La pili karte, kadi ya kupokelea chakula. La tatu alifundishwa na muuguzi kijana aliyesimama mbele ya akina mama wote na ndizi mbichi mkononi, akieleza bila kupepesa kwamba kile walichokuwa wakikiita kondomu kule Lukole, huku nyumbani kinaitwa kapoti. Somo hilo Bi Kulthumu hakulisahau, wala ndizi hakuila tena kwa raha.

Alikaribishwa sebuleni. Fatuma alipakua wali na nyama. Mustafa alimtazama mgeni akizungusha macho ukutani, na moyo wake ukasema: huyu anatafuta mlango wa karakana. Basi simu ilipolia, aliinuka haraka akaenda nyuma ya nyumba, chini ya dirisha. Hakujua kuwa lilikuwa wazi. Aliyepiga alikuwa Gervasi, mfanyabiashara wa Muyinga aliyekuwa akimtafutia kitambaa kizuri kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kobero. Mustafa alinong'ona, na mnong'ono, kama ijulikanavyo, hufika mbali kuliko adhana.

"Alo, Gervasi. Nasema polepole, iko mgeni. Ndiyo, ni ile kapoti. Ka-po-ti. Ya zamani imepasuka, palepale penye kukunjia."

Sebuleni kijiko cha Bi Kulthumu kilisimama njiani.

"Nyeusi. Nene, isipitishe maji. Hapana, ile nyepesi mi sitaki, ukivuta kidogo inachanika. Ni ya Longino, iko na haraka, samedi hii, Jumamosi, iko na bibi harusi. Urefu? Urefu nitapima tena nikiisha kuinyoosha. Sikiliza, usimwambie mtu. Nikifaulu hii, wanaume wote wa Gitega wenye shida watakuja kwangu."

Fatuma, aliyekuwa jikoni akitafuta chumvi, hakusikia neno. Aliporudi alikuta mgeni amesimama, wali nusu sahani, anajifunga mtandio.

"Dada, mbona chakula?"

"Nimeshiba," alisema Bi Kulthumu. "Nimeshiba kabisa."

Mlangoni alikutana na Mustafa, akamtazama kuanzia kofia hadi kandambili kwa jicho la mtu anayetafuta doa. Mustafa naye akamtazama vivyo hivyo. Waliagana bila kupeana mikono, kila mmoja akiwa na hakika kwamba amemkamata mwenzake.

Siku zikapita bila jibu. Kitambaa kilifika kutoka kwa Gervasi, na Mustafa akakishona, Fatuma akishika upande mmoja na yeye akivuta upande wa pili. Halafu likaja neno kwa simu, kutoka kwa Mzee Uthmani, baba yake Shabani: fundi aje Muyinga mwenyewe, kuna jambo la kuulizwa, na jibu la posa litategemea jambo hilo.

"Jambo gani?" Farida aliuliza.

"Nalijua," alisema Mustafa. "Wanataka kapoti."

Farida hakuelewa. Alielewa tu kwamba baba yake alikuwa anakwenda kuzungumza na watu, kazi ambayo hakuwahi kuifanya vizuri. Akamshika mkono wa kanzu. "Baba, wakikuuliza, jibu. Usiwafiche kitu. Mimi nitabaki na nini ukiwaficha?"

Aliondoka na gari la Longino, kwa idhini ya Longino, kwa sababu kapoti mpya lazima ijaribiwe na upepo wa barabara. Paa linaloshikamana karakanani linaweza kuruka kama kunguru kwenye mteremko. Alipita Mutaho, akaelekea Ngozi, akakunja kulia. Kwenye mteremko wa Gashoho alisikia kitambaa kikivuta pumzi juu ya kichwa chake, akapunguza mwendo, akasikiliza. Hakikuruka. Siku nyingine angefurahi. Siku hiyo aliwaza kwamba kapoti imekuwa nzuri mno, na mali nzuri mno haisindikizwi kwa wezi. Alipofika mtaa wa Waswahili, Muyinga, alisimamisha gari pembeni ya nyumba ya Mzee Uthmani, akatoa shuka, akalifunika lote, kisha akaenda kubisha hodi.

Walikaa wanne mkekani. Mzee Uthmani alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi cha aibu. Shabani alikaa karibu na mlango, macho chini. Chai ililetwa. Mustafa hakuigusa.

Bi Kulthumu alianza. "Fundi, sisi ni watu wazima, tusizunguke. Nimesikia habari za kapoti."

"Mi nilijua," alisema Mustafa. "Nilijua tangu siku ile."

"Hukatai?"

Mustafa alikumbuka mkono wa Farida kwenye kanzu. "Sikatai. Kwa sasa ndiyo kazi inanishughulisha asubuhi na jioni."

Mzee Uthmani alikohoa. "Na umri wako huu, fundi?"

"Umri ndiyo inasaidia. Kijana iko na papara. Anavuta na nguvu, inachanika, anaanza upya."

Shabani aliinamisha kichwa zaidi.

"Na mkeo," alisema Bi Kulthumu, akipunguza sauti, "mama wa watu, anajua?"

"Atakosa kujua namna gani? Ndiye alishika upande ule mwingine. Peke yangu sikuweza kuivalisha."

"Astaghafirullah."

"Alichoka, lakini hakulalamika."

Mzee Uthmani aliomba radhi ya kukohoa, akakohoa kwa muda. Kisha akauliza kwa uangalifu wa mtu anayekanyaga matope, "Na huyo Longino ni nani?"

"Mwenye kapoti. Ya kwanza alikaa nayo miaka yote ile."

"Moja?"

"Ileile moja. Kila akimaliza anaiosha na sabuni ya unga, anaianika juani. Mi nilimwambia, Longino, ndiyo maana imepasuka."

"Na akishapata hii mpya?"

"Anarudi kwa maharusi. Kila samedi bibi harusi wake. Wakatoliki, Waislamu, yeye habagui. Wengine wanakuja kumwomba wenyewe, na mama zao wanawasindikiza."

Bi Kulthumu akajifunika uso kwa mtandio. Mzee Uthmani akainuka, akasema kwa huzuni ya kweli, "Bwana Mustafa, binti yako hatuna neno naye. Lakini nyumba yako hatuiwezi. Posa tunaiondoa."

Mustafa aliisukuma mbali chai yake. Kumbe ndivyo walivyopanga: atoe ufundi wake, au mtoto akose mume. Alimtazama Shabani pale mlangoni, vidole vyake vyenye alama za sindano, akamchukia kwa ukamilifu. Kisha akamwona Farida, si kwa ndoto wala maono, ila kama alivyokuwa asubuhi ile, amesimama uani na nguo za kufua, akijaribu kutolia kabla gari halijaondoka.

"Basi mmeshinda," alisema. "Iko hapo nje, nilikuja nayo. Njooni niwaonyeshe yote, ndani na nje, na namna inavyovalishwa."

"Usituonyeshe," alisema Bi Kulthumu.

"Nimesema nakubali."

"Na mimi nimesema usituonyeshe. Kuna watoto nje."

Mustafa, aliyekuwa ameanza kuinuka, akaketi tena. Katika miaka yote ya kushuku hakuwahi kukutana na mwizi anayeomba asionyeshwe mali. Alimtazama mama huyu aliyejifunika uso kwa mtandio, akamtazama mzee aliyegeukia ukuta, na kwa mara ya kwanza maishani akashuku mashaka yake mwenyewe.

"Bi Kulthumu," aliuliza polepole, "kwani kapoti kwenu ni nini?"

Mzee Uthmani akakohoa tena. Mwishowe Shabani, masikio yamewaka, akamsogelea, akamnong'oneza.

Mustafa alisimama, akavaa viatu, akatoka. Wakamsikia akivuta shuka. Walipotoka, mmoja nyuma ya mwingine, walimkuta kando ya gari jekundu, mkono juu ya paa jeusi, uso wake umegeukia upande wa barabara.

"Kapoti," alisema.

Mzee Uthmani alilizunguka gari mara mbili. "Dada," alisema, "hili ni turubai."

"Naona kuwa ni turubai."

"Sasa kwa nini wewe ulisema..."

"Nilisema nilichosikia. Na yeye kwa nini alinong'ona? Turubai linanong'onewa?" Bi Kulthumu hakuwa mtu wa kushindwa haraka, alikuwa amewazuia wateja wengi kurudisha vitenge. "Gari naliona, fundi. Lakini paka akikutwa jikoni, hata akisema anatafuta panya, tunahesabu samaki. Ulisema kwenye simu isipitishe maji. Mimi naingia, mwageni maji juu. Ikiwa hilo ni kweli, nitaamini na mengine."

Akaingia, mtandio na yote, akafunga mlango. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika na ushauri. Mzee Uthmani akaleta ndoo, akamwaga. Maji yalitambaa juu ya kitambaa, yakateremka pembeni vizuri, na ndani Bi Kulthumu akakaa wima kama picha ya pasipoti.

Kisha, kwenye pembe ya nyuma ya kushoto, Mustafa aliona tone. Lilining'inia, likafikiri, likaangukia bega la baibui jeusi. Bi Kulthumu hakulihisi. Hakuna aliyeliona, ila Mustafa, na, alipoinua macho, Shabani.

Kijana alingoja.

Mustafa angeweza kunyamaza. Posa ingerudi, wangekula, wangeagana. Lakini angekuwa amempa binti yake mume anayejua siri ya baba mkwe, na hiyo ni aina ya mume ambayo mtu mwenye mashaka hataki kuilisha maisha yake yote. Na kulirekebisha palepale kulitaka mshono ufunguliwe mbele ya fundi mwingine, wazi, mchana.

"Inavuja," alisema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. "Pembe hii. Leta kisu, kijana, na uje hapa uone."

Wakainama wote wawili. Mustafa akafumua pembe, akafungua tabaka la kwanza, la pili, akaonyesha pale alipopunguza na kwa nini. Shabani akasema matundu ya sindano ni makubwa. Mustafa akasema sindano haina shida, shida iko kwa uzi. Shabani akasema yeye kwenye viti vya pikipiki hupaka nta ya mshumaa juu ya uzi, baba. Mustafa akamwambia pikipiki haikunjwi, asimletee pikipiki hapa. Shabani akasema, kwa heshima zote, nta hukunjika. Mustafa akamwuliza ni mshumaa wa aina gani. Hapo wakasahau kwamba kuna mtu ndani, na mlango wa upande ule ulikuwa unafunguliwa kutoka nje tu.

Bi Kulthumu aligonga kioo. Mdomo wake ulikuwa ukienda, lakini vioo vilikuwa juu na Mustafa, tuseme haki yake, alikuwa amebana kila upenyo.

"Anasema nini?" Mustafa aliuliza bila kuinua kichwa.

Shabani aliangalia. "Anasema amekubali. Harusi ipo."

Mustafa akainuka, akamtazama shangazi mtu, akamtazama kijana.

"Mi nimeona mdomo inasema fungua mlango."

"Vyote viwili, baba."

Mustafa alisogea hadi kwenye kioo, akaweka kiganja sikioni, na kwa ishara ya upole kabisa akamwomba arudie.